Darubini za Angani na Fedha za Umma: Kubwa Moja, Ndogo Nyingi, au Tubaki Ardhini?

Mwaka 1970 mtawa aliyekuwa akihudumu Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia barua Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa shirika la anga la Marekani, NASA. Swali lake halikuzunguka: watoto wanakufa kwa njaa, mtu anawezaje kupendekeza mabilioni ya dola yatumike kwenda Mirihi? Stuhlinger hakumpuuza. Alimjibu kwa kirefu na kwa heshima, na nitalirudia jibu lake baadaye, kwa sababu lina nguvu na lina upungufu pia.

Swali hilo leo limehamia kwenye darubini. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iligharimu takribani dola bilioni 10. Anayesikia kiasi hicho kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Nimewaona watu waungwana wakigombana juu yake hadi kununiana, mmoja akisema ni ufujaji mtupu, mwingine akisema asiyeelewa thamani yake hana maono. Mimi naona wote wawili wanalijibu swali lililoulizwa vibaya. Ukiuliza "zinastahili au hazistahili?" unabaki na ndiyo na hapana. Ukiuliza "fedha hizi zingeweza kufuata njia zipi, na kila njia inatupa nini?" unaanza kupata mahali pa kushika.

Njia ninazoziona ni nne. Ya kwanza ni kujenga darubini moja kubwa na kuipeleka angani, kama Hubble na Webb. Ya pili ni kurusha darubini ndogo na za kati, kila moja na kazi yake moja. Ya tatu ni kubaki ardhini na kujenga vioo vikubwa juu ya milima mikavu. Ya nne ni kutojenga darubini yoyote, fedha ziende kwenye mahitaji mengine ya watu. Hii ya nne wengi wanaoandika kuhusu nyota huiruka, na si haki. Inapaswa kupimwa kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe ni hivi: bei halisi, yaani ile iliyolipwa mwishoni na si ile iliyoandikwa kwenye maombi ya fedha, kitu kinachoweza kuonekana kwa njia hiyo na si kwa nyingine, kinachofuata mambo yakiharibika, na nani hasa anakula matunda.

Bei, na ukweli wa bei

Hubble ilipopaa Aprili 1990 ilikuwa imekula takribani dola bilioni 1.5. Baada ya hapo zikaja safari tano za wanaanga kwenda kuitengeneza na kuiboresha, kati ya 1993 na 2009, pamoja na mishahara na uendeshaji wa miongo mitatu na zaidi. Kwa hiyo ile bei ya mwanzo ilikuwa kiingilio tu.

Webb ndiyo inayouma zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makadirio yake yalikuwa kati ya nusu bilioni na bilioni moja ya dola, na ilitazamiwa kuruka mwaka 2007. Iliruka miaka 14 baadaye, kwa bei iliyozidi mara kumi. Mwaka 2011 kamati ya bunge la Marekani ilipendekeza mradi mzima ufutwe, na ulikaribia kufutwa kweli.

Watetezi wake hupenda kugawanya. Dola bilioni 10 kwa Wamarekani wapatao milioni 330 ni kama dola 30 kwa kila mtu, na ukizitandaza kwenye miaka 20 ya kazi inabaki dola moja na nusu hivi kwa mwaka. Hesabu ni sahihi. Lakini naiogopa, maana kitu chochote ukikigawa kwa watu milioni 330 kinaonekana senti. Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kuhalalisha upuuzi wowote. Gharama ya kweli ya Webb iko kwenye vitu vilivyosimama ili yenyewe iendelee. Mwaka 2010 wanaastronomia wa Marekani waliweka juu ya orodha yao ya miradi mikubwa ya angani darubini ya kupiga picha za eneo pana, ambayo sasa inaitwa Nancy Grace Roman. Walitumaini itakuwa angani kufikia mwaka 2020. Webb ilikuwa inakula fedha zote za meza ile, na mwaka 2025 Roman ilikuwa bado iko ardhini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila liliandikwa kwa matumaini.

Darubini ndogo zina nidhamu zaidi kwa sababu zinalazimishwa. TESS, inayotafuta sayari za nyota nyingine tangu Aprili 2018, ilipewa kikomo cha dola milioni 200 bila kuhesabu roketi. Kepler, iliyoitangulia, iligharimu kama dola milioni 600. Ukiziweka mezani kwa bei ya Webb moja, unapata Kepler 16. Hiyo ni hoja nzito, na wanaoipenda njia hii wana haki ya kuirudia.

Ardhini bei hushuka zaidi ukilinganisha na ukubwa wa kioo. Darubini kubwa kupita kiasi inayojengwa na nchi za Ulaya kwenye mlima Cerro Armazones, Chile, itakuwa na kioo cha mita 39 kwa takribani euro bilioni 1.5. Kioo cha Webb ni mita 6.5. SALT, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha mita 11 hivi kilichounganishwa kwa vipande 91, ilijengwa kwa makumi ya mamilioni tu ya dola, tena ikichangiwa na taasisi za nchi kadhaa. Usisahau hata hivyo kwamba mlima hula kila mwaka: barabara, umeme, maji, mafundi, na vioo vya kupakwa upya.

Na njia ya nne? Inaonekana haina bei, lakini ina swali gumu: fedha zikiokolewa zinakwenda wapi? Bajeti yote ya NASA ni takribani dola bilioni 25 kwa mwaka, chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani. Fedha ya darubini iliyofutwa haitembei yenyewe hadi hospitalini. Kwa kawaida humezwa na bajeti kuu na hakuna anayejua iliishia kwenye fungu gani. Hilo halimaanishi kwamba njia ya nne ni bure. Linamaanisha anayeipendekeza anapaswa kutaja jina la kitu kitakachonunuliwa badala yake, na bei yake, kwa uwazi uleule anaoudai kwa wajenzi wa darubini.

Kinachoonekana kwa njia hiyo tu

Toka nje usiku usio na mawingu utafute nyota angavu iliyo chini, karibu na upeo wa macho. Itazame dakika nzima. Inatetemeka, inabadilika rangi, inang'aa na kufifia. Nyota yenyewe imetulia tuli. Kinachocheza ni hewa kati yako nayo, matabaka ya joto na baridi yanayopishana na kupindisha mwanga. Darubini iliyo ardhini inaitazama kila nyota kupitia mtikisiko huo.

Kucheza kwa hewa kuna dawa. Kwenye mlima Paranal, Chile, ambako kuna darubini nne zenye vioo vya mita 8.2, wataalamu hurusha miale ya leza juu hadi kilomita 90 hivi na kuwasha nyota bandia kwenye tabaka la atomi za sodiamu. Kompyuta huiangalia nyota hiyo inavyotikisika, kisha kioo chembamba hupindwapindwa mamia ya mara kwa sekunde ili kuufuta mtikisiko. Nikifikiria kioo kinachopumua pamoja na hewa kwa kasi hiyo huwa natulia kidogo. Ni kazi nzuri mno ya mikono ya watu.

Lakini kuna ugonjwa mwingine usio na dawa. Hewa haitikisi tu, inazuia. Miale ya eksirei kutoka angani haifiki ardhini kabisa. Ya urujuanimno huzuiwa sehemu kubwa. Ya infraredi, ambayo ni joto, hunyonywa na mvuke wa maji, na hata inayopita hukuta darubini yenyewe ina joto, na hewa iliyoizunguka ina joto, zote ziking'aa kwa mwanga uleule unaotafutwa. Ni kama kumtafuta kimulimuli huku umeshika mwenge. Hapo ndipo pesa ya kwenda angani inapopata maana yake. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nyuma ya mwavuli wenye matabaka matano, mpana kama uwanja wa tenisi, kila tabaka jembamba kama unywele. Upande wa Jua ni wa moto. Upande wa kioo uko chini ya nyuzi hasi 220 za Selsiasi. Katika baridi hiyo imeona galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, ambazo mwanga wake uliondoka kabla ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300, na mwaka 2022 ikagundua kaboni dioksidi kwenye hewa ya sayari WASP-39b inayoizunguka nyota nyingine. Hakuna mlima, hata uwe mrefu vipi, ungetupa hayo.

Hubble nayo ilitoa kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Desemba 1995 mkurugenzi wa taasisi inayoiendesha, Robert Williams, alitumia muda aliopewa wa kuamua mwenyewe, akaielekeza sehemu iliyoonekana tupu kwa siku 10. Baadhi ya wenzake walimshauri asifanye hivyo. Kipande kile cha anga kilikuwa kidogo kama mpira wa tenisi ukiutazama kutoka mita 100. Zikatokea galaksi zipatazo 3,000.

Darubini ndogo hazina upana huo wa kazi, ila zina ukaidi. Kepler ilikodolea macho nyota zaidi ya 150,000 za sehemu moja kwa miaka minne, ikisubiri sayari zipite mbele yao. Sayari ya ukubwa wa Dunia ikipita mbele ya nyota kama Jua hupunguza mwanga wake kwa chini ya sehemu moja kati ya elfu kumi. Hewa yetu ingelimeza badiliko hilo dogo mara moja. Kutokana na subira hiyo zimethibitishwa sayari zaidi ya 2,600.

Na kuna ndogo moja ambayo msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kutoifahamu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kujengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi miaka miwili na miezi michache tu. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya chanzo kimoja, Cygnus X-1, vilisaidia kuwashawishi wanaastronomia kwamba mashimo meusi, vitu vizito ambavyo hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hadi leo vyanzo vingi vya orodha ile huandikwa kwa herufi 4U mbele ya namba zake. Hiyo U ni Uhuru.

Upande wa ardhini, nguvu yake ni ukubwa, wingi na uhuru wa kujaribu. Sayari ya kwanza kugunduliwa ikiizunguka nyota inayofanana na Jua, mwaka 1995, ilipatikana Ufaransa kwa darubini ya kioo kisichofika mita mbili. Picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, iliyotangazwa Aprili 2019, ilitokana na darubini za redio za ardhini zilizounganishwa kutoka mabara kadhaa. Na kituo cha Vera Rubin kule Chile, kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, kina kamera ya megapikseli 3,200 itakayopiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka 10. Kuirusha mashine ya uzito ule isingewezekana kwa bei ya akili.

Ukitaka kuona njia hizi tatu zikishikana mikono, fuata kisa cha nyota TRAPPIST-1. Darubini ya ardhini yenye kioo cha sentimita 60 tu, kule La Silla, Chile, iliona dalili za sayari tatu mwaka 2016. Darubini ya angani ya Spitzer ikaikodolea nyota ile kwa wiki kadhaa, na Februari 2017 zikatangazwa sayari saba, zote za ukubwa unaokaribia wa Dunia. Mwaka 2023 Webb ikapima joto la mbili zilizo karibu zaidi na nyota na kuonyesha kwamba ya kwanza yaelekea haina hewa, na ya pili haina hewa nzito ya kaboni dioksidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bila ile ya sentimita 60, Webb isingejua pa kutazama. Bila Webb, tungebaki na orodha ya sayari tusizozijua chochote zaidi ya ukubwa wake.

Njia ya nne kwenye kipimo hiki haionyeshi nyota yoyote, na haikuahidi kuonyesha.

Mambo yakiharibika

Hubble ilipofungua jicho mwaka 1990, picha zilikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi mkubwa sana, ila kwa umbo lisilo sahihi: ukingoni kilipungua kwa takribani mikroni mbili, sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Uchunguzi ulifika hadi kwenye kifaa cha kupimia. Lenzi moja ndani yake ilikuwa imekaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, kwa sababu rangi nyeusi ilibanduka kwenye kifuniko kidogo na mwanga ukaakisiwa na chuma badala ya kupita kwenye tundu. Kipande cha rangi kiliipofusha mashine ya dola bilioni moja na nusu. Iliokolewa Desemba 1993 na wanaanga waliopeleka vifaa vya kurekebisha, na iliokoleka kwa sababu moja tu: ilikuwa karibu, kilomita mia tano na kitu juu yetu.

Webb haina bahati hiyo. Ilikuwa na mambo 344, mengi yao ya kufunguka kwake angani, ambayo lolote kati yake likiharibika lingeweza kuua mradi. Mwaka 2018, baada ya jaribio la kuitikisa kwa sauti, skrubu na washa zilikutwa zimeanguka kutoka kwenye vifuniko vya mwavuli. Nikisoma habari ile hukasirika na kushukuru kwa pamoja. Kukasirika, kwa sababu ni fedha za watu. Kushukuru, kwa sababu zilianguka hapa chini. Mwishoni ilifunguka bila kukwama, lakini anayetetea njia hii lazima akubali kwamba mayai yote yalikuwa kwenye kikapu kimoja.

Ndogo zikifa, maumivu ni madogo na sayansi haisimami. Hata hivyo hutegemea. Hitomi, darubini ya eksirei ya Japani, ilipotea Machi 2016, wiki chache tu baada ya kurushwa, ikijizungusha hadi ikavunjika, na nafasi yake ikakaa wazi kwa miaka. Kepler ilipata bahati nyingine. Magurudumu yake ya kujisawazisha yalipoharibika mwaka 2013, wahandisi waliiegemeza kwenye msukumo wa mwanga wa Jua, ikaendelea kufanya kazi hadi 2018.

Ardhini fundi hupanda ngazi asubuhi na kurekebisha. Ila na huko kuna kifo. Darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, iliporomoka tarehe 1 Desemba 2020 baada ya nyaya zake kukatika. Na siku hizi maelfu ya setilaiti za intaneti huchora mistari kwenye picha za darubini za milimani.

Nani anakula matunda

Watu wengi hawajui kwamba huhitaji kuwa Mmarekani kutumia Hubble au Webb. Mtaalamu wa nchi yoyote anaweza kuomba muda, na maombi husomwa bila majina ya waombaji. Katika duru ya nne ya kuomba muda wa Webb yalifika maombi 2,377, yakitaka masaa karibu mara tisa ya yaliyopo. Data hufunguliwa kwa umma, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nchi ambayo haikuchangia hata senti inaweza kuvuna, ikiwa ina watu waliofunzwa na mtandao wa kuaminika. Hapo ndipo penye utelezi: matunda yapo wazi, ngazi haijagawiwa sawa.

Darubini ya ardhini huacha kitu pale ilipojengwa. MeerKAT, yenye madishi 64 katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, imekuza wahandisi na wachambuzi wa data ambao si lazima wabaki kwenye nyota. Darubini ndogo za angani nazo ndizo shule ya nchi na vyuo visivyoweza kuanza na kubwa, kama India ilivyofanya na AstroSat mwaka 2015.

Kisha kuna faida za pembeni, ambazo watetezi huzipenda mno. Ni za kweli. Mbinu za kupima vioo vya Webb zilisaidia kuboresha vifaa vya kupimia macho ya watu. Hesabu za kulinganisha mpangilio wa nyota zilichukuliwa na kutumika kumtambua papa potwe, yule wengine humwita papa shilingi, kwa madoadoa meupe ya ngozi yake, kila mmoja na anga lake mgongoni. Hata teknolojia ya Wi-Fi inadaiwa sehemu na wataalamu wa Australia waliokuwa wakitafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi. Lakini angalia, hii ya mwisho ilitoka kwa darubini ya ardhini. Na kama lengo lako ni kifaa cha macho, kukitafuta moja kwa moja ni nafuu kuliko kupitia galaksi. Darubini ijengwe kwa sababu tunataka kuona. Yakija mengine, tuyapokee.

Stuhlinger alimjibu Sista Jucunda kwa kisa cha bwana tajiri wa zamani aliyewalisha maskini wa mji wake, na bado akamfadhili mtu aliyekuwa akisugua vioo vidogo. Watu walinung'unika, kwa kuwa tauni ilikuwa ikiua. Kazi ile ikachangia kuzaliwa kwa hadubini, na hadubini ikaokoa wengi kuliko mikate yote. Ni kisa kizuri, na ninakiamini. Lakini waliokufa majira yale hawakuokolewa na hadubini. Kipimo chako kikiwa ni uhai wa mtu mwaka huu, chanjo na maji safi yana faida inayojulikana mapema, na darubini haina. Ndiyo maana siwezi kumwambia anayechagua njia ya nne kwamba amekosea. Namwuliza tu kama hakika fedha itafika kule anakotaka ifike.

Kwa hali yako

Ukiwa unapigia kura au kushauri bajeti ya nchi tajiri yenye miradi mingi ya sayansi, darubini kubwa ya angani ina nafasi, kwa masharti. Swali lake liwe halijibiki kutoka ardhini. Makadirio ya bei yakaguliwe na watu wasiofaidika nayo kabla ya kazi kuanza, na kikomo kiwekwe mapema ili isile darubini ndogo zilizo kwenye foleni. Mradi ukizidi kikomo hicho, uchunguzwe hadharani pale pale, usisubiri miaka 10.

Nchi au chuo kikuu kinachoanza, chenye fedha kidogo na vijana wengi, kitavuna zaidi kwenye mlima kuliko kwenye roketi. Kushirikiana kwenye darubini ya ardhini, kama washirika wa SALT walivyofanya, huleta saa za kutazama na mafundi wa kuzitunza. Hatua ya pili yaweza kuwa setilaiti ndogo yenye kazi moja.

Anayetafuta jibu la haraka kwa swali moja lililo wazi, mfano sayari ngapi au mwanga unabadilika lini, aelekee kwenye ndogo za angani. Anayetaka kuona mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria bado atahitaji subira na kioo kikubwa.

Ikiwa mbele yako kuna dharura ya kweli na fungu ni hilo moja, bila nafasi ya kugawa, chagua dharura. Darubini inaweza kusubiri miaka mitano. Mwanga uliosafiri miaka bilioni 13 hautakwisha.

Na kama wewe si mbunge wala mkuu wa chuo, ni mwanafunzi au mwalimu tu mwenye kompyuta, darubini hizi zimekwisha kulipiwa na wengine. Zile data ghafi za Hubble za Desemba 1995 zimo kwenye hifadhi ya umma hadi leo, na kuzipakua hakulipiwi.